Benchi la Kazi na Meza ya Kuungia Samani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa fundi seremala mwenye karakana ndogo, au anayeanza kazi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Vipimo vyote ni vya benchi moja: uso wa futi 8 kwa 2, mbao tano za 2x4 (inchi 2 kwa 4) na plaiwudi moja. Ukibadilisha kimo au upana, badilisha na vipimo vinavyofuatana navyo.

## Kabla ya kushika msumeno

Benchi la kazi na meza ya kuungia si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ingawa karakana nyingi zina kimoja kinachofanya kazi zote mbili. Benchi la kazi ni la kupiga randa, kuchimba matundu kwa patasi na kukata ndimi. Linapigwa na kusukumwa kutwa nzima, kwa hiyo linatakiwa liwe zito, jembamba, na lenye mahali pa kubania mbao. Meza ya kuungia ni ya kusimamishia kabati, kubana droo na kulaza mlango gundi ikauke. Haipati misukosuko hiyo, lakini uso wake lazima uwe umenyooka kweli, kwa sababu kabati lililoungwa juu ya meza iliyopinda hutoka limepinda, na milango yake haitakaa sawa hata ubadilishe bawaba mara ngapi.

Nina nafasi ya kimoja tu. Nijenge kipi?

Angalia kazi inayokuingizia hela. Kama unatengeneza milango, vitanda na viti vya mbao ngumu, jenga benchi. Kama kazi yako ni makabati ya jikoni na ya nguo ya plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), jenga meza ya kuungia, tena pana. Benchi la ukurasa huu liko katikati: ni zito kiasi cha kupigia randa na refu kiasi cha kulaza mlango wa futi 7.

Liwe na kimo gani?

Simama wima umevaa viatu vya kazi, mikono ikining'inia, mtu mwingine akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono. Hicho ndicho kimo cha kuanzia. Kwa watu wengi kinaangukia kati ya sentimita 80 na 90. Anayepiga randa ya mkono siku nzima ashushe kidogo, ili uzito wa mwili uisukume randa badala ya mabega. Anayefanya kazi ndogo ndogo za kuchora na kuchonga apandishe.

Meza ya kuungia tu ni habari nyingine. Kabati lenye kimo cha sentimita 80 ukiliweka juu ya meza ya sentimita 86, sehemu ya juu inakuwa usawa wa kichwa na utahitaji stuli ili ufikishe skrubu. Kwa kazi hiyo, sentimita 60 hadi 70 zinatosha. Hapa chini tumetumia 86.

Na urefu na upana wa uso?

Plaiwudi nzima ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Ukiipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya futi 8 kwa 2, unavigandisha kimoja juu ya kingine, na uso umekwisha bila kubaki chakavu. Upana wa futi 2 unaufikia wote ukiwa umesimama upande mmoja. Benchi la futi 4 kwa upana linavutia likiwa jipya. Baada ya wiki, nusu ya nyuma inakuwa kabati la makopo ya rangi, misumari iliyopinda na vikombe vya chai.

## Mbao na vifaa

Lazima iwe mninga au mkongo?

Wala. Mninga na mkongo vipeleke kwenye samani za mteja. Miguu na fremu za benchi hili ni za mpaini, ile mbao ya misitu ya kupandwa ya Sao Hill, Mufindi, inayopatikana kwenye maduka ya mbao karibu kila mji wa Tanzania. Ni laini, hainyanyasi msumeno, na ikiwa na unene wa kutosha inabeba uzito wowote utakaouweka. Kenya saipresi inafanya kazi hiyohiyo, na nyanda za juu kuna mgreveli. Mkaratusi una nguvu kuliko hizo zote, lakini hupasuka na kujipinda sana unapokauka. Kama ndio ulio nao, hakikisha umekauka kabla ya kuukata.

Kinachofanya benchi liwe zuri ni mbao kavu iliyonyooka. Dukani chukua mbao moja moja, iangalie kwa jicho moja kutoka kichwani kama unavyoangalia bomba, na uache iliyojinyonga hata kama muuzaji ananuna. Iliyoinama kidogo upande mmoja bado itakufaa, kwa sababu itakatwa vipande vifupi.

Nimenunua mbao mbichi. Nisubiri muda gani?

Kwa kawaida mbao ya inchi 2 ikikaushwa kwa hewa tu huchukua miezi mingi, na wengi wetu hatuwezi kuisubiri. Fanya hivi: zipange juu ya matofali, weka vijiti vyenye unene sawa kati ya mbao na mbao, kila kijiti kikae juu ya mwenzake, chini ya paa mahali penye upepo, kisha weka uzito juu. Hata wiki chache zinasaidia, kwa kuwa mwanzoni maji hutoka haraka.

Kumbuka mbao ikikauka hupungua unene na upana, ila urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Ndiyo maana benchi lililojengwa kwa mbao mbichi hulegea kwenye viungo ingawa kimo chake ni kilekile. Ukilazimika kujenga na mbao yenye unyevu, tumia bolti badala ya skrubu (tazama swali la bolti hapa chini), halafu zikaze upya kila mwezi hadi mbao itulie. Mbao iliyokaushwa Dodoma ikiletwa Tanga itavimba kidogo, na kinyume chake. Hilo halikwepeki.

Mbao zenye dawa ya kijani zinafaa?

Kwa miguu zinafaa, hasa kwenye sakafu ya udongo. Uso usiutengeneze kwa mbao hizo. Dawa ya kijani iliyozoeleka ina shaba, kromi na aseniki, na vumbi lake si la kuvuta. Vaa barakoa unapozikata, na mabaki yake yasiende jikoni kuwashia moto wala kuchomea nyama.

Uso uwe wa plaiwudi, MDF au mbao?

Plaiwudi ya milimita 18, tabaka mbili. Haipanuki na kusinyaa kama mbao nzima, na ikichakaa unaifumua na kuweka nyingine. MDF imenyooka kuliko plaiwudi na ni nzuri kwa meza ya kuungia iliyo ndani ya jengo kavu, ila ikinywa maji inafura kama andazi na hairudi tena. Mbao ngumu zilizounganishwa ubavu kwa ubavu hutengeneza benchi bora kabisa kwa fundi wa randa na patasi, lakini kazi ya kuzinyoosha zote inahitaji benchi ambalo bado huna.

Jambo moja kuhusu dukani: nenda na futi yako. Plaiwudi inayoitwa ya 18 mara nyingi ina 17 au hata 16, na hapo urefu wa skrubu lazima ubadilike.

Ninunue nini hasa?

Mbao za 2x4 zenye urefu wa futi 12, tano. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4, moja. Bolti 16 za milimita 10 zenye urefu wa milimita 110 au 120, na nati zake, pamoja na washa 32. Skrubu za inchi 4 kama 30, za inchi 3 dazeni moja, za milimita 30 dazeni mbili. Gundi nyeupe ya mbao, kilo moja. Basi. Jiriwa, yaani kibanio kinachofungwa kwenye benchi, na klampu ni hesabu nyingine.

Fedha ikiwa pungufu, nunua mbao na bolti kwanza, jenga fremu, halafu laza mlango wa zamani juu yake hadi plaiwudi ipatikane. Mlango wenye uwazi ndani unatosha kuungia, usiupigie nyundo.

## Kujenga

Miguu inaungwaje bila kuchimba matundu?

Kila mguu ni mbao mbili zilizogandishwa: moja ndefu kwa nje, na kwa ndani vipande viwili vifupi vyenye mapengo. Mbao za ulalo, yaani zinazolala kutoka mguu hadi mguu, zinakaa kwenye mapengo hayo, uzito ukitua juu ya mbao na si kwenye skrubu.

Chukua kimo cha sentimita 86, toa unene wa uso, sentimita 3.6, inabaki 82.4. Huo ndio urefu wa kipande cha nje. Kwa ndani, kuanzia chini, gandisha kipande cha sentimita 15. Acha pengo linalolingana na upana wa mbao yako. Ya 2x4 ikishapigwa randa huwa na kama sentimita 9.5, lakini usikate kwa kukariri. Shika kipande cha mbao yenyewe ukiweke pale kiwe kipimo. Juu ya pengo gandisha kipande cha sentimita 48.4. Inabaki nafasi nyingine ya 9.5 hadi kileleni, nayo ni ya mbao ya ulalo ya juu.

Mbao ndefu za ulalo ni nne, za sentimita 210: mbili mbele, mbili nyuma. Hapo utaona kwa nini mbao ni za futi 12. Futi 12 ni kama sentimita 366. Kata 210, na kipande kinachobaki kinatoa mguu mmoja mzima pamoja na vipande vyake, huku kukiwa na akiba ya kama sentimita 10 ya kuondoa ncha iliyopasuka. Mbao nne zinakupa miguu minne na ulalo wote mrefu. Ya tano inatoa mbao nne za pembeni za sentimita 55, zinazounganisha mguu wa mbele na wa nyuma juu na chini, na vibebeo vitatu vya kukaa chini ya uso. Vibebeo vikate mwishoni, baada ya kupima nafasi halisi kati ya mbao za mbele na za nyuma. Huwa ni kama sentimita 37.

Mbao za pembeni zipigwe kwa gundi na skrubu za inchi 4 kwenye ubavu wa nje wa miguu. Toboa kwanza, mpaini hupasuka karibu na ncha.

Misumari, skrubu au bolti?

Misumari inatosha kwa kichanja. Kwenye benchi, kila pigo la randa linausukuma msumari mbele na nyuma hadi tundu lake lipanuke. Skrubu zinafaa pale ambapo kuna gundi na hakuna haja ya kufungua tena. Mbao ndefu za ulalo zifunge kwa bolti, mbili kwa kila kiungo, zipishane mshazari badala ya kukaa mstari mmoja, na kila upande uwe na washa ili nati isizame kwenye mbao laini.

Fremu nitajuaje iko sawa?

Pima kona kwa kona, kisha kona nyingine kwa nyingine. Vipimo vikilingana, fremu ni mraba. Fanya hivyo kabla hujakaza bolti za mwisho, kisha uhakikishe tena baada ya kukaza.

Tabaka mbili za plaiwudi nazigandishaje bila klampu nyingi?

Hapa ndipo benchi linapopona au kuharibika. Plaiwudi mbili zikigandishwa zinashika umbo la kitu kilichokuwa chini yake wakati gundi inakauka. Ukizigandisha kwenye sakafu ya saruji yenye mabonde, utapata uso wenye mabonde hayohayo, na hakuna randa itakayokuokoa.

Kwa hiyo simamisha fremu kwanza mahali litakapokaa benchi. Funga nyuzi mbili zikatize kutoka kona hadi kona, juu ya vijiti vinne vyenye unene sawa. Zikikutana katikati bila kusukumana wala kuachana, kona zote nne ziko kwenye usawa mmoja. Badilisha nyuzi, ya juu iwe ya chini, na uangalie tena. Mguu unaoning'inia uwekee kabari. Vibebeo vitatu vifunge vikiwa vimelala kwa ubapa, usawa na mbao za ulalo.

Sasa laza tabaka ya kwanza, pakaa gundi yote kwa kipande cha bati au plastiki chenye meno, funika na ya pili. Fanya asubuhi mapema kama uko pwani, maana joto la mchana linaikausha gundi kabla hujafika mwisho. Piga skrubu mbili za milimita 30 katikati ili tabaka zisiteleze, halafu weka uzito. Mifuko minne au mitano ya saruji ya kilo 50, juu ya mbao zilizolazwa, inafanya kazi ya klampu nyingi. Iache hadi kesho, usiondoe jioni.

Ukishatoa uzito, fungia uso kutoka chini kupitia vibebeo kwa skrubu za inchi 3. Pima kwanza: unene wa kibebeo ukijumlisha na wa uso lazima uzidi urefu wa skrubu. Ncha iliyochomoza juu itakiharibu kisu cha randa siku ya kwanza.

Kingo za mbele za uso na za miguu ziwe sawasawa, ili mlango ukisimamishwa kwa ubavu ugande kote. Nyuma acha uzidi kidogo, na pembeni vilevile. Hapo ndipo klampu zitakapong'ata.

Benchi limekwisha lakini linatikisika. Shida iko wapi?

Tofautisha kwanza. Likiyumba kama kiti chenye mguu mfupi, tatizo ni sakafu: weka kabari. Likienda mbele na nyuma ukipiga randa, viungo vimelegea: kaza bolti. Ikiwa zimekazwa na bado linaenda, pigilia kipande cha plaiwudi nyuma, kati ya mbao ya juu na ya chini, au mbao moja ya mshazari kutoka juu ya mguu hadi chini ya mwingine. Na kama linateleza lote, ni jepesi: tengeneza rafu chini na ulipakie mashine, vyuma au ndoo za mchanga.

## Kubana kazi

Lazima ninunue jiriwa?

Si siku ya kwanza. Kwa kupiga randa, kipande cha mbao kilichopigiliwa kwenye ncha ya benchi, chembamba kuliko kazi yako, kinaizuia mbao isikimbie. Kwa kubana ubavuni, vipande viwili vilivyokaa mshazari na kabari katikati vinashika vizuri kuliko mtu anavyodhani. Jiriwa ikipatikana, ya seremala yenye taya pana ni bora kuliko ya fundi vyuma, ambayo meno yake hung'ata mbao. Kama ndiyo uliyo nayo, ivishe vipande vya mbao laini.

Ikae upande gani?

Anayetumia mkono wa kulia aifunge mbele upande wa kushoto, karibu na mguu, kwa sababu randa inasukumwa kuelekea huko. Mwenye mkono wa kushoto afanye kinyume, na asimsikilize anayemwambia amekosea.

Klampu ndefu ni ghali. Kuna njia?

Nenda kwa fundi wa kuchomelea. Mafundi wengi wa samani, kuanzia Keko hapa Dar es Salaam hadi Gikomba kule Nairobi, wanatumia klampu za chuma zilizotengenezwa mtaani: ubapa wa chuma, taya moja iliyochomelewa, nyingine inayotembea kwenye matundu, na bolti nene ya kukazia. Mwambie taya zote zikae mraba na ubapa, na umkaguzie kwa skwea kabla hujalipa.

## Uso wa benchi na matunzo

Nipige vanishi?

Usipige. Vanishi inateleza, na mbao inayoteleza chini ya patasi ni hatari. Pakaa mafuta ya linsidi mara moja au mbili, futa yanayobaki. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje vikauke au uviloweke kwenye maji. Vikikunjwa na kutupwa kwenye rundo la maranda vinaweza kuwaka moto vyenyewe.

Gundi inaganda mezani kila ninapounga.

Sugua nta ya mshumaa mahali unapoungia, au tandaza nailoni. Kwa meza ya kuungia makabati tu, fomaika juu ya plaiwudi ni suluhisho la kudumu: gundi ikikauka unaibandua kwa patasi chakavu.

## Hali za pekee

Sakafu yangu ni ya udongo na mchwa wapo.

Chimba kidogo chini ya kila mguu, mwaga zege la unene wa tofali au weka tofali la saruji, kisha simamisha mguu juu yake. Sehemu ya chini ya mguu ipakwe oili chafu au dawa ya mchwa, hasa kwenye kata ya kichwa ambapo mbao hunywa maji. Oili isipande juu. Ikigusa mbao ya mteja, doa halitoki. Kagua kila wiki kama kuna njia ya udongo inayopanda kwenye tofali. Unga mweupe kama poda chini ya mbao ni kazi ya bungua, mdudu anayetoboa mbao, na dawa yake ni kubadilisha kipande hicho.

Nimepanga. Nikihama nitalibebaje?

Fungua skrubu za uso na bolti 16. Fremu mbili za pembeni zinabaki nzima, na vingine vyote ni mbao na plaiwudi. Vinapanda kwenye bajaji ya mizigo. Hii ndiyo sababu mbao ndefu hazigandishwi kwa gundi.

Nafanyia kazi nje, chini ya mti.

Tumia plaiwudi ya kuhimili maji, ziba kingo zake zote kwa rangi au gundi, maana maji huingilia huko, na funika kwa turubai likiwa limeinuliwa kidogo ili hewa ipite. Turubai lililolala moja kwa moja juu ya mbao huozesha kuliko mvua yenyewe.

Nina msumeno wa meza. Benchi lifanane nao kimo?

Lishushe kwa milimita mbili au tatu chini ya meza ya msumeno. Plaiwudi nzima itapita juu yake bila kukwama. Likiwa juu hata kidogo, ubao unagonga kingo huku msumeno unazunguka, na hapo ndipo mbao humrudia mtu tumboni.

Fremu ya chuma je?

Bomba la mraba lililochomelewa ni imara na mchwa hawalitaki. Ila joto la kuchomelea linavuta fremu, kwa hiyo ikague kwa nyuzi zilezile kabla ya kuweka uso, na uweke vibebeo vya mbao juu ya chuma ili upate pa kufungia.

Magurudumu?

Kwa meza ya kuungia sawa, yawe na breki. Kwa benchi la randa hapana, hata yenye breki huchezacheza.

Uso umechakaa, una mashimo na rangi. Nibadilishe wote?

Geuza kwanza. Fungua skrubu za chini, pindua uso, upande wa chini uje juu; mashimo ya skrubu za zamani yazibwe kwa gundi na unga wa mbao. Ukichakaa na huo, piga ubao mwembamba wa milimita 6 juu yake kwa skrubu bila gundi, na uwe unabadilisha huo tu.